Tuwajibu kwa lile waliloomba

Msikilizaji wa redio aliyeko Nyabusozi, Biharamulo, akisikia kuwa kuna watu wanatetea wapenzi wa jinsia moja, huelewa kwamba wanataka kufunga ndoa. Si kosa lake. Kaulimbiu zilizovuma duniani zilitoka Marekani, ambako wanaharakati walisimamisha hoja yao juu ya ndoa hadi Mahakama ya Juu ya huko ikawakubalia, Juni 26, 2015. Lakini kesi za huku kwetu zinasema mengine. Nchini Kenya, mwanaharakati Eric Gitari alikwenda mahakamani kwa sababu alinyimwa usajili wa shirika la kutetea wapenzi wa jinsia moja. Alishinda mwaka 2015, na Februari 24, 2023, majaji watatu kati ya watano wa Mahakama ya Juu wakasema kumnyima ni ubaguzi. Hukumu ilihusu haki ya kujumuika tu. Ibara ya 45 ya Katiba, inayotaja ndoa ya watu wa jinsia tofauti, haikuguswa. Hata hivyo wanasiasa na viongozi wa dini walipaza sauti kana kwamba ndoa za jinsia moja zimeruhusiwa.

Kwa hiyo naamini kaulimbiu za kuazima zinawaumiza wale wale zinaotaka kuwatetea. Mei 24, 2019, Mahakama Kuu ya Nairobi ilikataa kufuta vifungu vya sheria vinavyoharamisha mahusiano ya jinsia moja. Walalamikaji walisema wazi kwamba hawaombi ndoa. Majaji wakajibu kwamba hilo halibadili kitu, maana wakikubaliwa, watu wa jinsia moja wataishi pamoja kama wanandoa. Walihukumiwa kwa dai ambalo hawakulitoa. Afrika Kusini mambo yalikwenda tofauti. Simon Nkoli, aliyewahi kushtakiwa kwa uhaini kwa kupinga ubaguzi wa rangi, aliongoza maandamano ya Johannesburg Oktoba 1990 akiunganisha uhuru wa wapenzi wa jinsia moja na ukombozi wa Mwafrika. Wasikilizaji wake walikuwa wakiipigania haki hiyo hiyo ya kutobaguliwa, na Katiba ya 1996 ikawalinda wote.

Wapinzani watasema: lakini mwaka 2006 Afrika Kusini iliruhusu ndoa za jinsia moja, basi hofu yetu ni ya kweli. Ni kweli iliruhusu, na anayeficha hilo hasemi ukweli wote. Ila ilihitaji hukumu nyingine, kisha sheria mpya ya Bunge. Kwetu Tanzania, Sheria ya Ndoa ya 1971 inatambua muungano wa mwanamume na mwanamke, na kumlinda mtu asipigwe au kumpa dawa hakuondoi hata herufi moja humo. Februari 2017 serikali ilifunga vituo 40 vilivyohudumia makundi yaliyo katika hatari kubwa ya Ukimwi, ikidai vinaeneza ushoga. Mgonjwa aliyekuwa akifuata dawa hakuwa akidai cheti cha ndoa.

Wanaharakati waseme kwa Kiswahili chepesi wanachokiomba leo: usalama, matibabu, haki ya kusikilizwa polisi. Nasi tunaowasikiliza, wabunge, mapadri na masheikh wakiwamo, tuwajibu kwa hayo. Anayepinga ndoa za jinsia moja ana uhuru wa kuzipinga, lakini asiutumie kumnyima jirani yake dawa.