Dirisha lichaguliwe boma likiwa kwenye linta

KIBARAZANI
Na Mwanaidi Shekue

Ukipita Mbweni, Kigamboni au Chanika siku hizi, maboma mengi yana matundu yanayofanana: mapana, yametazama barabarani, yanasubiri aluminiamu ya kuslaidi na kioo cha tinti. Muulize mwenye nyumba kwa nini kachagua hayo, atakwambia ndiyo yanayowekwa sasa. Familia inahamia Novemba. Februari ikifika watoto wanaburuta godoro sebuleni, na baba anaulizia bei ya kiyoyozi.

Kwa nyumba ya Dar es Salaam, na Pwani yote kuanzia Tanga hadi Mtwara, dirisha linalookoa umeme ni lile linalopitisha upepo na lisilopigwa na jua. Rangi ya fremu, unene wa kioo na jina la kiwanda vinakuja baadaye.

Tuanze na upepo. Dirisha la kuslaidi lina vioo viwili kwenye reli. Ukilisukuma mpaka mwisho, kioo kimoja kinakaa nyuma ya mwenzake, basi. Umejenga tundu la mita moja na nusu, upepo umepewa sentimita 75. Hapo bado wavu wa mbu, ambao hatuwezi kuuacha, nao unapunguza tena. Dirisha la bawaba linafunguka lote. Luva za wazee wetu, vile vipande vya kioo vilivyolazwa na kusimamishwa kwa mkono mdogo wa chuma, zilifunguka karibu zote, na mvua ikija ulizilaza kidogo hewa ikaendelea kuingia. Zilikuwa na kasoro: kibaka alichomoa kipande kimoja kimoja bila kelele, na chumba chenye luva hakishiki baridi ya kiyoyozi. Lakini grili ya nondo inamzuia kibaka kwenye luva kama inavyomzuia kwenye aluminiamu, na chumba chenye upepo wa kutosha mara nyingi hakihitaji hicho kiyoyozi.

Hesabu ya LUKU iko hivi. Pangaboi la kawaida linakula wati 60 hivi; liwashe usiku kucha kwa saa kumi, halijamaliza yuniti moja. Kiyoyozi cha BTU 12,000, kompresa ikifanya kazi, kinakaribia yuniti moja kwa kila saa. Kwa kijana anayelipwa kwa siku, tofauti hiyo ni chakula cha nyumbani.

Upepo nao unataka pa kutokea. Chumba chenye dirisha moja, hata liwe kubwa kama mlango wa gereji, hewa yake inazubaa. Kaskazi inatuvumia kuanzia Desemba mpaka Machi hivi, kusi inashika zamu miezi ya katikati ya mwaka. Anayejenga anajua zinaingilia upande gani wa kiwanja chake. Aweke tundu upande huo na jingine ukuta wa pili, hata kama ni dogo, hata kama ni la juu ya mlango wa korido. Tundu hilo la juu ya mlango, ambalo nyumba nyingi za zamani zilikuwa nalo, mafundi wa leo wanaliziba kwa tofali kwa sababu mchoro haukulionyesha. Naumia kila ninapoliona limezibwa.

Sasa jua. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mchana jua linatupita juu ya utosi au karibu na hapo. Dirisha linalotazama kaskazini au kusini ni rahisi kulilinda: upenu wa sentimita 60 unatia kivuli karibu mita moja ya ukuta wa kaskazini saa sita mchana ya Juni, wakati jua limeinamia huko kuliko miezi yote. Magharibi ni shida. Saa kumi jioni jua limeshuka, upenu ule ule haukingi hata nusu mita, na miali inaingia moja kwa moja mpaka kitandani. Tinti haitakuokoa. Kioo cheusi kinanyonya joto, na ukikigusa muda huo utaondoa kiganja haraka. Sehemu ya joto hilo inarudi ndani. Pazia zito nalo limechelewa, kwani jua limekwisha kupita kwenye kioo. Kinga inayofaa inakaa nje: veranda, vibao vya mbao kama vya Mji Mkongwe, au mti wenye majani.

Wapo wanaouza madirisha ya vioo viwili vyenye nafasi katikati, na matangazo yao yanavutia. Ni teknolojia nzuri, kwa mahali pake. Berlin au Toronto wakati wa baridi, ndani nyuzi 20 na nje chini ya sifuri, kioo kimoja kinavujisha joto usiku na mchana. Kwetu, hata kiyoyozi kikiwaka, tofauti ya ndani na nje haifiki nyuzi kumi kwa siku nyingi, na dirisha lililofunguliwa usiku halina habari na idadi ya vioo vyake. Ofisi inayofungwa na kupozwa kutwa ni jambo lingine. Njombe na Makambako nako ni jambo lingine, kule dirisha linatakiwa lizibe kweli kweli.

Linaloniuma zaidi ni la wapangaji. Anayechagua dirisha ni mwenye nyumba. Anayeingiza tokeni za LUKU ni mpangaji. Mwenye nyumba hana hasara chumba kikiwaka moto, kwa hiyo anaweka dirisha moja, la magharibi, la kuslaidi. Halmashauri zinazopitisha michoro zikague matundu kwa ukali ule ule zinaokagua umbali kutoka barabarani: kila chumba cha kulala kiwe na pa kuingilia hewa na pa kutokea, na kila dirisha la magharibi liwe na kivuli cha nje. Mabadiliko hayo yakifanywa kwenye karatasi gharama yake ni ndogo sana. Boma likishapita linta, ni kubomoa ukuta.

Na wewe unayetafuta chumba, usikubali dalali akupeleke asubuhi. Nenda saa kumi jioni, funga mlango, fungua dirisha, kaa humo dakika kumi kabla hujatoa kodi ya miezi sita.