Wanene wasinyimwe pampu ya moyo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nitoe maoni yangu juu ya pampu ya moyo inayopandikizwa kifuani, kama HeartMate 3 iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017. Waya wake hutokea tumboni kwenda kwenye betri. Kwa mgonjwa mnene, tundu hilo huingiwa na vijidudu kwa urahisi zaidi, hilo sibishi. Lakini muda wa kuishi haupishani sana na wa wengine. Kwa nini basi baadhi ya madaktari wasite?

Miongozo ya kimataifa ya mwaka 2016 ilimtaka mwenye uwiano wa uzito na urefu unaozidi 35 apungue kabla ya kupandikizwa moyo wa mtu mwingine. Apungueje, na hatua kumi zinamshinda? Apewe pampu kwanza apate nguvu (ingawa pampu peke yake haipunguzi kilo), na muuguzi wa kumwangalia kidonda.

Msomaji wako,
Morogoro.