Roketi Zirudi Ngomeni, Lakini Tuanze na Mafuta Makavu

Wengi wetu hapa Manda tukisikia roketi twafikiria Marekani na Urusi tu. Twasahau kwamba kusini mwetu, Ngomeni karibu na Malindi, Waitaliano walisimamisha majukwaa ya San Marco baharini. Kati ya 1967 na 1988 setilaiti zilirushwa kutoka pale. Moja iliruka tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, ikapewa jina Uhuru.

Kwa nini petu? Dunia huzunguka kuelekea mashariki, na kwenye ikweta kasi yake ni kama kilomita 1,670 kwa saa. Roketi irushwayo upande huo hupata msukumo wa bure, kama mashua inayofuata mkondo. Tena mashariki yetu ni bahari, vipande haviangukii paa la mtu.

Sasa, katika mabishano yetu darasani wapo wasemao eti Kenya ikirudia kazi hii ianze na injini za baridi kali, zichomazo haidrojeni na oksijeni za majimaji. Mimi sikubaliani nao. Ni kweli zina nguvu nyingi kwa kila kilo ya mafuta. Lakini haidrojeni hiyo yataka baridi ya nyuzi 253 chini ya sifuri. Hapa kwetu hata barafu ya samaki ni taabu! India yenyewe ilifaulu kurusha setilaiti kwa roketi yake ya mafuta makavu mwaka 1980. Injini yake ya baridi kali ilifaulu angani Januari 2014.

Roketi ya Scout iliyotumika Ngomeni ilikuwa na sehemu nne, zote za mafuta makavu. Hayo hayataki jokofu, hukaa tayari kama fataki. Ubaya wake, yakishawaka hayazimiki, na mzigo wake ni mdogo: Uhuru ilikuwa na kilo 140 hivi. Lakini setilaiti yetu ya Taifa-1, iliyopelekwa hadi California kurushwa Aprili 2023, ni ndogo zaidi ya hiyo. Mzigo wa mashua hautaki jahazi.

Ila miaka ile sisi tulitoa bahari na jina, ufundi mkubwa ukawa wa wageni. Safari hii vijana wetu wawemo. Basi tupewe kwanza maabara za kemia zenye vifaa, hata sisi wa shule za kutwa. Haba na haba hujaza kibaba.