*TAMKO LA TAWI: KIPAJI CHA MTOTO KISISUBIRI DARASA LA SABA*



Nchi yetu ina sekondari za vipaji maalumu: Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Kilakala, Msalato na nyinginezo. Tunajivunia shule hizi. Lakini mtoto huchaguliwa kwenda huko baada ya mtihani wa darasa la saba. Aliyeonyesha kipaji akiwa darasa la pili atasubiri miaka mitano, na wengine wanakata tamaa njiani.

Sote tunawajua watoto hawa mtaani kwetu. Yupo anayemaliza hesabu kabla ya wenzake, kisha anaanza fujo. Yupo anayefungua redio mbovu na kuirudisha ikiongea. Darasa limejaa, mwalimu hana muda wa kumpa kazi ya ziada. Mtoto anaitwa mtundu, anachapwa, mwisho anaichukia shule.

*Pendekezo letu:* ofisi ya tawi ifunguliwe kila Jumamosi, saa 3 hadi saa 6 asubuhi. Hii si tuisheni. Tuisheni inarudia ya darasani. Hapa mtoto atapewa jipya: mafumbo ya hesabu, vitabu vya hadithi, bao na drafti, na fundi wetu wa redio atakayemwonyesha kilichomo ndani. Tunawaomba walimu wastaafu waliomo tawini wasimamie, wasiopungua wawili kila kipindi, na mzazi atoe ridhaa.

Wapo wenzetu wanaosema tuanze na watoto wasiojua kusoma. Hoja yao ni ya haki. Ndiyo maana mlango hautakuwa na mtihani: atakayependa aje. Kipaji kingine hakionekani kwenye alama. Na wazazi, msiwabakize mabinti nyumbani kufua huku kaka zao wakija.

*Jambo moja hatutalegeza.* Saa hizo hakuna kadi, sare wala nyimbo za chama. Mtoto wa jirani aliye chama kingine ana nafasi sawa na wa kwetu. Watoto hawapigi kura, tusiwatumie kuzitafuta. Kama hilo linatushinda, bora ofisi ibaki imefungwa.

Tutaamua pamoja kwenye mkutano wa tawi Jumapili saa 10 jioni. Njoo na maoni yako, na kama una kitabu kinachokaa bure nyumbani, njoo nacho.

Samaki mkunje angali mbichi.

_Imetolewa na Kamati ya Tawi_