Unataka Ung'ae au Upauke?

Katika studio ndogo za nyumbani mjini Lubumbashi, na changu cha hapa Lukafu kikiwa chumba kimoja tu, ombi ninalolisikia kuliko yote ni hili: "Yaya, fanya nikuwe mweupe kidogo." Wapiga picha wengi husikia humo jambo moja, rangi ya ngozi. Wanafungua programu ya simu, wanaongeza mwanga, na binti aliyeingia akiwa maji ya kunde anatoka akiwa majivu. Kwa maoni yangu wanakosea maana kabla ya kukosea picha.

Sisi wa isimu tunajua kwamba kivumishi -eupe ni kipana. Kukipambazuka kumekuwa kweupe. Jambo lisilofichwa liko peupe. Asiye na kinyongo ana moyo mweupe. Katika mifano yote hiyo hakuna ngozi. Basi anayeomba weupe huenda anaomba aonekane: macho, shavu, misuko ya nywele. Wapo wanaotaka ngozi ibadilike kweli, krimu za sokoni zinashuhudia. Lakini ninapouliza, "Unataka ung'ae au upauke?", wengi hucheka na kuchagua kung'aa. Mama wa rafiki yangu alipoletewa picha ya mwanawe ya kumaliza chuo, iliyopigwa kwingine, aliuliza huyu ni mtoto wa nani. Picha hiyo ndiyo ingekaa ukutani kwake maisha yote.

Uso huzama kwa sababu inayoeleweka. Kipimo cha mwanga cha kamera hudhani kwamba kila kilicho mbele yake, kikichanganywa, ni kijivu cha wastani, kinachorudisha takriban asilimia 18 ya mwanga. Mweke mtu mweusi mbele ya shuka jeupe, kama picha za pasipoti zilivyotuzoeza: kamera inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, uso unapotea. Ndipo mpiga picha anainua kila kitu kwa programu, na vivuli vilivyochora pua na taya vinageuka ukungu. Tena tulirithi vipimo vya wengine. Kadi za Kodak za kusawazishia rangi, zilizoitwa Shirley, zilianza miaka ya 1950 zikiwa na mwanamke mzungu.

Dawa haihitaji taa kubwa. Mwanga hupungua kwa mraba wa umbali. Taa ikiwa mita 1 kutoka usoni, na shuka likiwa mita 3 kutoka kwenye taa, shuka hupata sehemu moja ya tisa tu ya mwanga unaofika usoni. Shuka jeupe linakuwa kijivu, na uso ndio unaotawala. Chumba cha mita 3 kwa 4 kinatosha, mradi mteja asikalishwe ukutani. Taa naiweka ubavuni, juu kidogo ya macho, nyuma ya kitambaa cheupe kilichotandazwa, kwa kuwa ngozi nyeusi huonyesha umbo lake zaidi kwa mng'ao, na chanzo kipana huulaza mng'ao huo taratibu juu ya shavu. Upande wa pili, ubao mweupe unarudisha kidogo. Halafu napima uso, si shuka. Umeme ukikatika (na tunajua unavyokatika) dirisha lenye pazia linafanya kazi ileile. Seydou Keïta, aliyefungua studio yake Bamako mwaka 1948, alipiga wateja wake uani kwa mwanga wa mchana, nyuma yao akining'iniza vitambaa vya maua.

Wenzangu wa kazi hujibu kwamba mteja analipa, apewe anachotaka. Sawa, lakini aulizwe kwanza, kwa Kiswahili chake, anataka nini.

Ningependa mmoja wetu aifanye tasnifu: akae wiki kadhaa katika studio za Katuba, za komini ya Kenya na za hapa Lukafu, arekodi jinsi wateja na wapiga picha wanavyotaja mwanga, na aone wanapopishana. Kiti cha kuanzia kipo kwangu.