MASOMO YA INTANETI NA MWENDO WA CHUONI

Mwezi uliopita kijana wa jirani yangu alinijia, uso umemsawijika. Alikuwa amejiandikisha katika masomo ya kompyuta kwa njia ya intaneti, yale ambayo mtu hujisomea peke yake, kwa saa aitakayo na mwendo autakao. Video arubaini amezitazama zote, na pesa za data zimekwisha. "Ami," akaniambia, "nilipoketi niandike programu yangu ya kwanza, hata mstari mmoja sikuuweza."

Kijana huyu si mjinga, wala hayuko peke yake. Mwaka 2011 walimu wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walipofungua somo la bure la akili bandia katika intaneti, watu wapatao 160,000 walijiandikisha. Waliomaliza ni kama 23,000.

Wako wasemao dawa ni kuzipamba video. Mimi sioni hivyo. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walichapisha uchunguzi wao juu ya somo moja la saikolojia. Waliona kuwa kufanya mazoezi kuliandamana na kufahamu zaidi ya mara sita kuliko kutazama video au kusoma kurasa. Jicho hupita, mkono ndio ushikao.

Ama sisi tuliokalia mkeka wa chuoni, jambo hili si geni kwetu. Pale kila mtoto alikuwa na mwendo wake: huyu yuko kwenye alifu, yule yuko Amma, na mwingine akaribia kuhitimu. Lakini hapana aliyevuka bila kusoma mbele ya mwalimu. Ukikosea, hurudi ukadurusu. Mwendo ulikuwa wetu, hisabu ilikuwa ya mwalimu. Masomo ya intaneti yameuchukua ule mwendo, hisabu yakaiacha.

Sisemi kwamba chuo hakikuwa na ila. Wengi wetu tulihifadhi tusiyoyajua maana. Kwa hiyo anayetunga masomo haya asitosheke na maswali ya kuchagua jibu. Kila baada ya dakika chache na asimamishe somo, aulize "kwa nini?", ampe mwanafunzi kazi ya kufanya, na akikosa aelezwe amekosa wapi. Naye mwanafunzi asingoje kuulizwa: aifunge video, aandike alichokishika, kisha amfunze nduguye. Atakapokwama ndipo palipo na ujinga wake, na hapo ndipo pa kurudi.

Nilimwambia kijana aanze upya, asiifungue video ya pili mpaka ya kwanza ameitumia kwa mkono wake. Juzi alikuja kunionyesha programu ndogo inayojumlisha mauzo ya siku ya duka la babake. Ina mistari tisa tu. Nikamuuliza amefika video ya ngapi.

"Ya tatu, Ami," akajibu, naye acheka.