Picha za Zamani za West Nile: Tuzitafute Wapi?



Vijana wetu wa Arua na Koboko wakipewa kazi ya historia huandika "West Nile, Uganda" kwenye intaneti, wanapata Idi Amin na wakimbizi, basi wanachoka. Kosa si lao. West Nile iliingia Uganda mwaka 1914. Picha za kabla ya hapo ziko chini ya majina mengine: Equatoria, Lado, Sudan, Kongo ya Wabelgiji. Tafuteni kwa majina hayo.

Mathalan, Emin Pasha alikaa Wadelai, kando ya Nile, miaka ya 1880. Vitabu vya Stanley (1890) na Casati (1891) vina michoro ya vituo vyake na ya askari wake, ambao baadhi ya wajukuu zao ndio Wanubi wa leo. Lakini tahadhari, michoro mingi ya vitabu vya wakati ule ilikamilishwa na wachoraji wa Ulaya ambao hawakukanyaga huku. Januari 1910 Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, alipiga kambi Rhino Camp kuwinda vifaru weupe, na mwanawe Kermit akapiga picha. Kitabu chao, African Game Trails, kinasomwa bure mtandaoni. Wanyama waliouawa wanapewa nafasi kubwa kuliko wenyeji, na hilo nalo ni la kuandikwa katika kazi yako.

Kuhusu Amin, mwaka 2015 zilipatikana negativu 70,000 hivi kwenye shirika la utangazaji UBC, Kampala. Baadhi zilionyeshwa Makumbusho ya Uganda mwaka 2019, kitabu kikatoka 2021. Waliozipiga ni wapiga picha wa serikali, kwa hiyo utaona ziara, mikutano na sherehe. Mateso huyaoni. Mwanafunzi asije akasema hayakuwepo.

Picha za majumbani ndizo adimu. Mwaka 1980 jeshi lilipoingia, watu walikimbilia Zaire na Sudan, na vingi viliachwa nyuma. Familia iliyobaki na picha hata tatu ina hazina. Wazazi, wapelekeni watoto kwa bibi na picha mkononi, waulize: huyu nani, hapa wapi, mwaka gani? Waandike nyuma kwa penseli, polepole. Hata picha za vitabuni wawaonyeshe wazee, maana nyingi chini yake pameandikwa "wenyeji" tu, na anayejua mahali pale au kabila lile yuko hapa kwetu, umri umekwenda.

Najua wapo wasiopenda picha ukutani. Sawa, hakuna aliyesema zitundikwe. Zikae sandukuni, ila ziwe na majina.